Marjan Oyet: Miaka Thelathini na Minane ya Utumishi, Majini na Nchi Kavu

Msomaji mwenzangu, kabla hujaenda mbele nakuomba sana: usimsomee mtu wa nje waraka huu, usiupige picha, wala usiusahau juu ya meza ya kantini. Umeandikwa kwa ajili ya watumishi kumi na wanne wa Kitengo chetu hapa Bukoto, Kampala, na mpaka Alhamisi saa saba mchana kila neno lililomo ni siri yetu. Sababu utaikuta mbele.

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bwana Marjan Oyet, Mpelelezi Mwandamizi wa Mambo Yasiyoelezeka, anatimiza umri wa miaka sitini na anastaafu baada ya kuitumikia serikali kwa miaka thelathini na minane. Hakuna mtumishi wa Kitengo hiki aliyekaa kazini muda mrefu kuliko yeye, na hakuna mwingine ambaye nusu ya muda huo angeweza kuipitisha chini ya maji.

Bwana Marjan alitolewa ziwani mwaka 1988 na Sajini Oyet, aliyekuwa akitafuta mashua iliyozama. Sajini alivuta kamba akidhani amepata maiti, na maiti akapiga chafya. Alikuwa kijana mwenye matamvua ya samaki shingoni na vidole vilivyounganika kwa ngozi kama vya bata, asiyejua neno hata moja la lugha ya nchi kavu. Sajini alimpa jina lake la pili. La kwanza alipewa na mpishi wetu wa wakati huo, Mama Maimunah, na lilikuwa jina la marehemu baba wa mama huyo. Ni Mama Maimunah huyohuyo aliyemfundisha Kiswahili, jikoni, kwa kumnyima kila chakula mpaka akitaje vizuri. Kuhusu mwaka wake wa kuzaliwa, mama alipoulizwa mwezi uliopita hakusita: "Andika amezaliwa pamoja na mwanangu Abdul-Karim. Walikuwa wanapigana kama mapacha." Tumeandika hivyo.

Kesi iliyomtangaza ni ya mtaa wa biashara wa Kikuubo, mwaka 1994. Katika ghala moja la mapipa ya plastiki, mapipa yalijaa maji kila adhuhuri, ingawa ghala halikuwa na bomba. Bwana Marjan aliingia ndani ya pipa moja, akafunikwa, akangoja. Siku ya pili alikuja mnunuzi, mama mwenye sauti ya kutosha soko zima, akaligonga lile pipa kwa pete yake, akamgeukia bwana mwenye ghala.

"Ssebo, hii mbona nzito? Mumeweka nini ndani?"

Akafunua kifuniko. Bwana Marjan akamwambia kwa adabu, "Funika, mama, niko kazini."

Mama yule alifunika. Alitoka, akavuka njia, akapita maduka mawili, na hapo ndipo alipopiga yowe, "Banange!" Adhuhuri ilipofika mapipa yakaanza kujaa, na Bwana Marjan akamkuta mhusika: pepo mdogo wa kinamasi aliyefuata mfereji akapotea mjini, na ambaye kila alipolia alijaza pipa. Alimbembeleza, akamtia katika jerikani ya lita ishirini, akamrudisha kwenye kinamasi cha Lubigi kwa miguu.

Lakini mji ulikuwa umeshaanza kumzungumzia mtu wa ndani ya pipa. Mkurugenzi wa wakati huo akatoa uamuzi ambao tunausifu hadi leo. Kama watu wamekwisha kumwona, alisema, basi tumchore. Ndivyo ilivyoanza katuni ambayo karibu kila mkazi wa Kampala aliyesoma miaka ile anaikumbuka, ya shujaa wa majini mwenye buti ndefu na joho jekundu, anayewafukuza mashetani na mazimwi. Tangu hapo yeyote aliyedai kumwona mtu mwenye matamvua aliambiwa apunguze kusoma katuni. Bwana Marjan alinunua kila toleo mwenyewe. Buti zilimchekesha, maana hakuna fundi viatu aliyewahi kupata kipimo cha miguu yake.

Mwaka 2011 alipelekwa Kawempe, kwenye nyumba ya ghorofa iliyokuwa ikitokwa machozi. Kuta za vyumba vyote zilitiririka maji, na wapangaji walilala wamefunika watoto kwa plastiki. Mwenye nyumba, Mzee Olweny, alimpokea kwa kejeli.

"Nimeomba serikali iniletee injinia, imeniletea samaki?"

"Samaki hapandi ngazi, mzee," Bwana Marjan alimjibu. "Mimi nimepanda zako zote nikitafuta choo."

Wapangaji walicheka mpaka Mzee Olweny naye akacheka, na katika kucheka akakiri kwamba alipojenga alifunika chemchemi kwa zege. Chemchemi ile ilikuwa na mwenyewe, roho ambayo wazee wa hapa huiita musambwa. Bwana Marjan alishuka kwa shimo la maji machafu akiwa amefungwa kamba, akakaa huko chini kwa saa saba. Alipotoka alifungua kamba kiunoni.

"Hataki vita," alisema. "Anataka njia."

Zege lilitobolewa, bomba likawekwa, na kabla ya wiki kwisha kuta zilikauka. Dereva wetu Ogwang, aliyempeleka na kumrudisha, alimwuliza njiani kama aliogopa. "Sana," alijibu. "Yule wa kwenye katuni haogopi. Ndiyo maana mimi nisingemtuma mahali popote." Mwandishi wa waraka huu alisimuliwa maneno hayo wiki yake ya kwanza kazini, na ameyahitaji tangu hapo.

Sasa, sababu ya siri.

Mwaka 1988 Kitengo hakikuwa na karani wa watumishi. Kulikuwa na mtunza stoo, naye alikuwa na daftari moja. Akaandika alivyoweza. Baada ya pampu za mkono mbili, na kabla ya kamba ya katani ya mita sitini, tunasoma: "Kiumbe cha maji, kimoja, hali nzuri." Hakuna aliyesahihisha. Kila mwaka siku ya kukagua vifaa, Bwana Marjan alisimama uani kati ya pampu na kamba. Namba yake ilipoitwa aliitika, "Nipo, afande!" Watu walicheka, naye alicheka nao. Ukawa mzaha wa ofisi.

Mwaka huu Kitengo kinaunganishwa na idara nyingine, na vifaa vyote vilivyozidi miaka ishirini vitapigwa mnada. Kamati inakuja Ijumaa asubuhi. Wiki mbili zilizopita mnunuzi mmoja alitembezwa uani kuangalia tangi la maji analolala Bwana Marjan, akamkuta mwenyewe ameketi ukingoni anasoma gazeti.

"Na hiki," mnunuzi aliuliza, "kinaenda na tangi ama ni peke yake?"

Mjumbe wa kamati alifunua orodha, akashuka nayo kwa kidole. "Hiki kina namba yake," akasema.

Bwana Marjan alikunja gazeti, akaliweka pakavu, akaingia majini. Hakutoka kwa siku mbili.

Mimi ndiye karani wa masjala. Nimeukata ule mstari kwa kalamu, nimeandika pembeni "Kosa. Si kifaa, ni mtumishi," na nimetia herufi za mwanzo za jina langu. Najua kwamba kuchezea daftari la serikali ni kosa la kufukuzwa, na nina miezi saba tu kazini. Lakini nimezisoma kanuni zetu zote, na ziko wazi. Kifaa hakiandikiwi wasifu. Mtumishi anayestaafu huandikiwa wasifu, wenzake watano wakautia sahihi, ukasomwa mbele ya wote, na kuanzia hapo hakuna kamati inayoweza kumgusa, hata kama faili lake limefunguliwa jana. Huu unaousoma ndio wasifu wenyewe. Utasomwa Alhamisi saa saba mchana, kantini. Kamati ikisikia kabla ya hapo, italichukua daftari, na Ijumaa tutamwona Bwana Marjan akisimama uani na namba.

Sahihi ya kwanza nilikwenda kuitafuta kwa Mkurugenzi, Afande Rosalba Aciro. Aliusoma mara mbili bila kuniambia nikae.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, afande."

"Kwa hiyo ni wewe tu umeniharibia daftari langu."

"Ndiyo, afande."

Akavuta kalamu, akatia sahihi, akanirudishia karatasi. "Kawempe umeandika alikaa chini saa sita. Zilikuwa saba. Kamba nilishika mimi." Nimesahihisha.

Akistaafu, Bwana Marjan haendi ziwani kama wengi walivyodhani. Anasema ziwa analijua, na ziwani hakuna roleksi, ile chapati ya kukunjia mayai. Anahamia Kawempe, kwa Mama Maimunah, ambako Abdul-Karim amemjengea birika la saruji nyuma ya jiko. Ugomvi wao wa kwanza umekwisha kuanza, nao ni juu ya kina cha birika.

Bwana Marjan, kwa niaba ya wote uliowatoa majini, na wote uliowaondolea hofu majumbani mwao, ahsante. Uende ukapumzike kama mtu aliyemaliza kazi yake. Maji yako yawe baridi, chai yako iwe moto, na jina lako likiitwa, liitwe kwa sababu chakula kiko tayari.

Sahihi nne zimepatikana. Imebaki moja, na ni ya mtumishi yeyote aliyeko kazini. Ukiwa tayari kuitoa, usipige simu na usitume ujumbe. Njoo masjala kabla ya Alhamisi saa sita mchana, upitie ngazi za nyuma, mlango wa mwisho mkono wa kushoto. Gonga, useme jina lako kamili na cheo chako. Nimejifungia kwa ndani pamoja na daftari, na huenda nikachelewa kidogo kuitika. Usiondoke. Nitafungua.