Nilidhani Miguu Yangu Imeingiwa na Ukoma

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi mliokaa kule nyuma karibu na mlango, Bwana asifiwe! Mimi ni Mama Kulwa, mke wa Masanja, wa hapahapa Magu. Leo nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu mwenyewe, na huko kusimama tu ni ushuhuda!

Ilikuwa baada ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa. Tuliacha mji wetu wa zamani karibu na ziwa, tukapewa kiwanja huku juu kwenye ardhi ngumu ya changarawe. Maji yakawa mbali. Asubuhi nilishuka ziwani pekupeku, nikapanda na ndoo kichwani na mtoto mgongoni, maana pacha wangu Kulwa na Doto walikuwa bado wananyonya. Kabla sijapumua, kengele imegongwa, twende shamba la kijiji kupalilia pamba. Sikulalamika. Wote tuliishi hivyo.

Basi asubuhi moja nilishuka kitandani, nikakanyaga chini, nikapiga kelele. Kisigino kilichoma kama kimeingia msumari wa moto! Nikageuza unyayo nitafute mwiba. Hakuna mwiba, hakuna jeraha, hakuna uvimbe. Nikachechemea mpaka jikoni, maumivu yakalegea, nikasahau. Kesho yake yakarudi vilevile. Baadaye na kisigino cha pili kikaanza.

Ndugu zangu, hapo hofu iliniingia mpaka kwenye mifupa. Shangazi yangu wa Busisi alikuwa na ukoma. Nilimwona nikiwa mtoto. Alijengewa kibanda peke yake, chakula chake kikawekwa juu ya jiwe, na aliyekipeleka alirudi mbio. Watoto wake walimpungia mkono kutoka mbali. Alifia mlemle kibandani. Na nyumbani walisema ugonjwa ule ulimwanzia miguuni.

Nikajua zamu yangu imefika. Sikumwambia mume wangu. Kila asubuhi nilisubiri Masanja atoke, ndipo nishuke kitandani kwa magoti, nitambae hadi ukutani, nijivute nisimame. Nikaanza kuwaogopa watoto wangu mwenyewe! Walipokuja wakitambaa kunishika miguu, niliwasukuma. Nikawaachisha kunyonya kabla ya wakati. Walilia, na mimi nikalia, matiti yamejaa maziwa na naogopa kuwapa. Niliomba, ndiyo, lakini maombi yangu yalikuwa hofu tupu: Bwana, nifiche, watu wasinione!

Siku moja mama mkwe wangu alikuja kutusalimu, akanikuta niko chini natambaa.

“Shikamoo, mama,” nikasema palepale chini.

“Marahaba. Umepoteza nini huko?”

Nikashindwa kudanganya. “Mama, wachukue watoto. Nimepata ugonjwa wa shangazi.”

Nilimwona akirudi nyuma. Alishika kizingiti cha mlango. Nikasema moyoni, basi, sasa na mimi najengewa kibanda. Lakini Bwana alikuwa ndani ya nyumba ile! Mama aliingia, akaketi sakafuni, akaichukua miguu yangu akaiweka mapajani mwake.

“Hata mimi naogopa, mwanangu,” akasema. “Twende zahanati tukaogopee huko.”

Akamwita Masanja, akamweleza. Mume wangu alifuta vumbi kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akanipakia, mama akafuata na pacha.

Mganga wa zahanati alikuwa mtu wa Bukoba, mpole. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba ukoma hufisha ngozi, sehemu iliyoshikwa haisikii kitu.

“Fumba macho,” akasema. “Nitakugusa unyayo kwa pamba. Kila ukisikia, sema.”

Ndugu zangu, giza lile sitalisahau! Nikafumba. Kimya. Namsikia mama akinong'ona jina la Yesu, lakini mguuni, hakuna kitu. Nikawaza, amekwisha gusa, nami sikusikia. Watoto wangu, Bwana, watoto wangu! Mara, chini ya kidole kidogo, kitu chepesi kama nzi.

“Hapo!” nikapaza sauti. “Na hapo! Na hapo!”

Akanikagua ngozi mwili mzima, hakuona baka. Kisha akabonyeza kisigino kwa dole gumba, nikaruka nusura nimpige teke. Akacheka.

“Huna ukoma, mama. Na hata ungekuwa nao, vidonge vipo, na watoto wako ungebaki nao. Chini ya unyayo kuna ukano mpana kama mkanda, unatoka kisiginoni mpaka vidoleni. Wako umechoka kwa pekupeku, changarawe na mzigo. Ukilala unajikaza, ukiamka unavutwa ghafla. Ndiyo maana hatua za kwanza zinauma kuliko zote.”

Akanifundisha. Kabla ya kushuka kitandani, nivute vidole vya mguu kuelekea kwangu, taratibu. Nikikaa, nibingirishe chupa ya soda chini ya unyayo. Niegemee ukuta, mguu mmoja nyuma, ninyooshe misuli ya shavu la mguu. Nisitembee pekupeku hata uani, na mzigo nipunguze.

Jioni ile niliwanyonyesha wanangu wote wawili. Haleluya!

Sitawadanganya, sikupona siku hiyo. Masanja alinitengenezea katambuga za tairi, akazitandika ngozi laini ndani. Mjumbe wetu wa nyumba kumi alinipa kazi ya kuchambua pamba nikiwa nimekaa. Maumivu yaliondoka kidogokidogo, na asubuhi nyingine yalirudi, hofu nayo ikarudi. Hapo nilifumba macho, mama mkwe, aliyekuwa amebaki kwetu, akanigusa unyayo kwa unyoya wa kuku mpaka moyo ukatulia. Msimu wa pamba uliofuata nilitembea mpaka ziwani na kurudi nikiimba. Namshukuru Mungu aliyeniponya, na kabla ya kuniponya akanipa mtu wa kuniogopea!

Ndugu zangu, leo nimewaona mkipanda zile ngazi za nje. Kuna mama ameshika ukuta. Kuna baba amesimama katikati akajifanya anatazama ziwa. Sitakutaja jina. Mtegemee Bwana, na usimfiche mtu anayekupenda. Ibada ikiisha nisubiri pale mlangoni. Kesho tutakwenda zahanati pamoja, polepole, kwa mwendo wako.