Mchele wa Kwenye Simu

Kwenye feri ya Likoni, msichana aliyeketi mbele yangu alikuwa akibofya simu huku akitafuna krispi za muhogo.

"Ni mchezo, mama. Nikipatia maana ya neno, wenye njaa wanapewa punje za mchele," alimwambia mama aliyeketi ubavuni pake, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisha nusu ya dunia.

"Mchele huo wafika kweli?"

"Unafika, mama. Matangazo ndiyo yanaulipia. Punje za watu wengi huwa magunia."

"Haya. Na huyo mwenye njaa, wamjua?"

"Si lazima nimjue."

"Ndiyo maana. Tangu tulipopanda watafuna, na mimi hapa hujaniambia karibu."

Msichana akasogeza pakiti. "Karibu, mama."

"Ahsante, nimeshiba."

Feri ikafika ng'ambo. Mimi niliyekuwa na njaa hakuna aliyeniuliza.