Kaburi la Ng'ambo ya Lukolo

Wasikilizaji wapendwa wa Kasongo na Kabambare, mlioko shambani na mlioko sokoni, hamjambo. Leo tunamkumbuka Mzee Raphaël, mkulima wa karibu na Wamaza. Amefariki wiki jana, miaka sabini na minne. Alitaka kitu kimoja tu: alale kando ya mke wake, Rosine. Hakukipata.

Mnaukumbuka mwaka ule usultani wa Kitete ulipojitoa katika Muungano wa Lukolo. Kijito cha Lukolo, ambacho mtoto mdogo anakiruka, kikawa mpaka. Bariyeri, kizuizi cha njia, ikasimamishwa. Nyumba ya Mzee ikabaki upande wa Muungano. Shamba lake, na kaburi la Rosine, vikabaki Kitete.

Muungano ukamtuma Mzee kwenda kupatana. Kitete wakamtuma Souleymane, mwenye duka, rafiki yake wa siku nyingi. Siku tisa wakabishana, wao na wakulima wa pande zote mbili, katika darasa la shule. Wengine walitaka kubishania kutengana kwenyewe. Mzee akawaambia, "Maji yakimwagika hayazoleki. Tutafute watu watapita namna gani."

Ndipo akaleta neno lililosifiwa kote: mwenye jembe apite. Narudia, wapendwa: mwenye jembe apite. Jembe begani, hakuna karatasi, hakuna swali. Asiye na jembe aombe ruhusa ya masultani wote wawili, wa Kitete na wa Muungano, na masultani wale hata salamu hawapeani. Jamani, wakulima walifikiri kikulima! Waliwaza mihogo. Mgonjwa hawakumuwaza, wala bibi harusi, wala maiti.

Mzee alipoona kosa lake, alirudi kwa masultani kuomba neno jingine liongezwe. Alirudi mara saba, bure. Binti yake, Naomie, anasema: "Baba alikuwa anatoka asubuhi na shati yake ya kanisa. Mangaribi anarudi, anakaa tu. Akaniambia, 'Naomie, niliwaza shamba tu. Nilikuwa mujinga.'"

Siku ya mazishi, vijana wanne walivuka na majembe yao. Hakuna aliyewasimamisha. Wakachimba kando ya Rosine. Saa nane mchana jeneza likafika kwenye bariyeri, likazuiwa. Souleymane akaitwa. Alilia mbele ya watu, mtu mzima yule.

"Mama Naomie, unisamehe," akamwambia binti wa Mzee. "Mukono wangu iko kwenye ile karatasi ya mapatano. Nikiivunja leo, kesho watafungia hata wakulima."

Jeneza likakaa juani mpaka jioni, likarudishwa. Mzee Raphaël amezikwa nyuma ya nyumba yake. Kesho yake wale vijana walivuka tena na majembe, wakaenda kufukia shimo tupu.

Mama Naomie, na jamaa yote, poleni sana. Mungu amlaze Mzee pema. Nanyi mnaokaa mezani kugawa ardhi, ulizaneni kwanza wafu wenu wako upande gani. Nasema tu, maana wa kunisikia simwoni. Juzi Kitete wamesimamisha bariyeri ya pili.