Kahawa ya Emali Hainyweki

WANGUI: Haloo? Haloo, Mtito Andei?

KALONDU: Haloo. Hapa ni kwa Arbaco, hoteli ya kahawa. Nani anaongea?

WANGUI: Nani anaongea. Miezi miwili tu na umesahau sauti ya mwenye alikulisha miaka mitatu.

KALONDU: Habari ya asubuhi, Mama Waithera.

WANGUI: Habari zangu unazijua. Opereta amenipa dakika tatu, usinimalizie na salamu.

KALONDU: Nikuitie mwenye hoteli, Mama Arbaco?

WANGUI: Wa nini? Huyo simtaki. Nakutaka wewe, Kalondu. Uliweka nini ndani ya gunia langu?

KALONDU: Gunia gani?

WANGUI: La kahawa, gunia gani lingine? Kahawa yangu ya Murang'a, ile ulikuwa unakaanga hapa Emali kila asubuhi. Tangu nikufukuze imeharibika. Inakaa kama dawa ya minyoo.

KALONDU: Mimi nilitoka na nguo zangu tu. Hata leso niliacha.

WANGUI: Sijasema uliiba. Nimesema uliweka kitu.

KALONDU: Na hoteli yako ya Kibwezi? Si wanapika kutoka kwa gunia hilo hilo?

WANGUI: Hapo ndipo nakushika. Kibwezi inanyweka. Ya Sultan Hamud haijawahi kusifiwa, lakini wapishi wa huko ni wavivu, hiyo najua. Emali ndiyo ilikuwa na jina. Watu walikuwa wanatoka Loitokitok wanasema, ngoja tunywe kwa Wangui kwanza. Kahawa ni ile ile, kinu ni kile kile, sufuria nimenunua mpya. Kitu kimoja tu kimetoka hapa, na ni wewe.

KALONDU: Nani anakaanga sasa?

WANGUI: Syombua. Na nimesimama nyuma yake nikiangalia, mpaka rangi ile ile, mpaka moshi ule ule.

KALONDU: Syombua anajua. Nilimfundisha mimi.

WANGUI: Basi kwa nini watu wanatema? Jana dereva mmoja amemwaga kikombe hapa mlangoni kwangu. Akasema heri avumilie kiu mpaka huko kwenu, kwa Msomali. Mlangoni kwangu, Kalondu.

KALONDU: Pole.

WANGUI: Hiyo pole yako kaa nayo. Kwanza hiyo mnauza huko si kahawa. Ni maganda ya buni. Mnaweka tangawizi na iliki mpaka mtu hajui kama amekunywa ama ametibiwa kikohozi.

KALONDU: Lakini wanarudia kikombe.

WANGUI: Umejua kujibu siku hizi. [laini inakwaruza] Haloo? Upo?

KALONDU: Nipo.

WANGUI: Sikiliza. Bwana Gicheru wa mabasi anakuja saa nne. Unamjua?

KALONDU: Namsikia. Ndiye anachagua hoteli yenye mabasi yao yatasimama abiria wanywe chai.

WANGUI: Kahawa. Anataka kahawa, na anaonja mwenyewe. Ni kwangu ama ni kwenu, hakuna mtu wa tatu. Mabasi manane kwa siku. Yakienda kwenu, Emali nafunga. Na Emali ikifungwa, hizo hoteli zangu zingine mbili hazifiki Krismasi. Kwa hivyo utaniambia sasa hivi uliweka nini, ama mchana nakuja huko na polisi.

KALONDU: Kuja nao. Wanakunywa hapa kila siku, wanajua meza yao.

WANGUI: Wewe ulikuwa hata kuinua macho huwezi—

OPERETA: Emali, dakika tatu zimeisha. Mnaongeza?

WANGUI: Ongeza. Ongeza, dada, usikate.

KALONDU: Mama Waithera, na mimi niulize kitu.

WANGUI: Uliza haraka.

KALONDU: Ile asubuhi ulinipiga kofi mbele ya watu. Ulisema nimetoka wapi?

WANGUI: Unajua nilisema nini.

KALONDU: Nataka kusikia.

WANGUI: Nilisema umetoka kulala na dereva. Ulikuja saa moja badala ya saa kumi na mbili, na nilikuona na macho yangu ukishuka lori. Ungekuwa mimi ungesema nini?

KALONDU: Ningeuliza.

WANGUI: Niulize mfanyakazi—

KALONDU: Yale maneno yalifika kwetu Mbumbuni kabla yangu. Watu wa yule alikuwa anioe walikuja wakadai mbuzi wao. Wale watatu wa ntheo. Unajua ntheo kwetu ni nini? Ni kusema msichana huyu ana wenyewe. Mama yangu alifungua zizi yeye mwenyewe akawatoa. Majirani wamesimama kwa ua wakiangalia.

WANGUI: Hayo sikuyasikia.

KALONDU: Hukuuliza.

WANGUI: Na hayo yote yanaingiliana wapi na kahawa?

KALONDU: Simu yako bado iko kaunta?

WANGUI: Iko.

KALONDU: Hoteli imejaa?

WANGUI: Kuna watu. Wanakunywa soda.

KALONDU: Yule Ng'ang'a wa lori la simiti yuko?

WANGUI: Yuko hapo kwa meza ya mlango. Kwa nini?

KALONDU: Ndiye alibeba hayo maneno mpaka Mbumbuni. Mwambie ulisema uongo. Sema akisikia, na wengine wasikie. Halafu nitakuambia kahawa ina nini.

WANGUI: Wewe msichana, unacheza.

KALONDU: Sichezi.

WANGUI: Mimi mama wa miaka hamsini, nisimame katikati ya hoteli yangu—

KALONDU: Mimi nilisimama hapo.

WANGUI: Kalondu, hatuwezi kuongea hiyo kesho? Nitatuma mtu kwa mama yako. Nitatuma hata barua.

KALONDU: Barua haina sauti.

WANGUI: Ng'ang'a hafungi mdomo. Akipata hii ataimwaga mpaka Mombasa.

KALONDU: Ndio nataka.

WANGUI: [anashusha sauti] Gari limesimama. Ni Peugeot nyeupe. Ni yeye, anafunga mlango wa gari.

KALONDU: Basi sema.

WANGUI: Haya. Nilikosea.

KALONDU: Hiyo umeniambia mimi. Mimi nilikuwa najua.

WANGUI: [laini inakwaruza] ...mnanisikia? Ng'ang'a, geuka hapa. Nyinyi wote. Yule Kalondu alikuwa anapika hapa, nilimsingizia. Sikumuona na mwanamume yeyote. Nilimuona akishuka lori tu, hayo mengine niliongeza mwenyewe. Hayo ndiyo maneno. Endeleeni kunywa. [anarudi kwa simu] Umesikia?

KALONDU: Nimesikia. Ng'ang'a anasema nini?

WANGUI: Ameweka chupa chini. Wote wananiangalia kama nimetoka bila nguo. Sasa sema uliweka nini.

KALONDU: Hakuna kitu niliweka. Ni maji.

WANGUI: Maji gani?

KALONDU: Ya mfereji wako. Yanatoka kwa kisima, yana chumvi. Kahawa ya Emali haikuwa inapikwa na maji hayo hata siku moja. Nilikuwa naamka saa tisa naenda mtoni na punda wa shangazi, nachimba mchanga mpaka maji matamu yatokee, nachota pole pole na kibakuli. Madebe manne. Namwaga kwa pipa la jikoni kabla hujaamka.

WANGUI: Hilo pipa mimi nilijua ni Syombua anajaza kwa mfereji.

KALONDU: Sasa ndio anajaza kwa mfereji.

WANGUI: Na Kibwezi?

KALONDU: Kibwezi wana chemchemi. Sultan Hamud ni chumvi kama kwako. Wapishi wa huko si wavivu.

WANGUI: Mimi hayo maji nakunywa kila siku, sioni kitu.

KALONDU: Umezoea. Na kahawa haifichi chumvi kama chai ya maziwa. Mama Arbaco siku ya kwanza alinipa maji nionje kabla hajanionyesha jiko. Aliniuliza, haya yanafaa ama nitafute mengine? Watu wake wamechunga mifugo, wanajua kisima na kisima.

WANGUI: Kwetu Murang'a hakuna mtu anaonja maji. Yanapita tu nyuma ya nyumba.

KALONDU: Najua.

WANGUI: Na lori?

KALONDU: Punda aliumia mguu. Yule dereva alinikuta darajani na madebe, akanibebea. Tulishusha nyuma, kwa mlango wa jikoni, halafu lori likazunguka, nikashuka hapo mbele. Wewe ulitokea hapo mbele.

WANGUI: Kwa nini hukusema? Neno moja tu.

KALONDU: Ulikuwa umeshapiga. Na watu walikuwa wanacheka. Mimi nikishikwa na aibu mdomo unafunga, hata leo nimeshika hii meza na mikono miwili.

WANGUI: Huo mto ni mwendo wa saa ngapi?

KALONDU: Saa nzima kwenda. Na kungoja shimo lijae.

WANGUI: Amekaa. Amechagua meza ya dirisha. Syombua anammiminia.

KALONDU: Alipita hapa kwanza, saa mbili. Alikunywa vikombe viwili.

WANGUI: Kwa hivyo ulijua. Wakati ulinifanya nitamke yale, ulijua nimeshachelewa.

KALONDU: Nilijua.

WANGUI: Una roho mbaya, Kalondu.

KALONDU: Labda. Sikuwa nayo nikija kwako.

WANGUI: Ameonja.

KALONDU: Na?

WANGUI: Ameomba sukari. Anaweka. Anaweka tena.

OPERETA: Emali, dakika zimeisha. Kuna watu wanangoja laini.

KALONDU: Hata hapa kuna watu kwa kaunta. Kwaheri, Mama Waithera.

WANGUI: Ngoja, usikate. Anasukuma kikombe. Kalondu, ananiangalia. Nimwambie nini huyu mtu?

KALONDU: Mpe soda.