Mchungaji Romanus Ndunguru na Benchi la Nyuma

Ndugu waombolezaji, mimi ni Eufrasia, mdogo wake marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake, nami sina sauti kama yake, kwa hiyo mlio mbali mtasogea.

Mchungaji Romanus Tadei Ndunguru alizaliwa tarehe 14 Mei 1938 kijijini Maguu, Mbinga, mtoto wa kwanza wa Mzee Tadei na Mama Notburga. Alisoma shule hapo hapo Maguu, akajifunza useremala, na mwaka 1966 akaingia chuo cha Biblia Mbeya. Alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1969. Mwaka 1981 alihamishiwa usharika wetu wa Bombambili, akahudumu hapa hadi mwisho.

Mimbarani mnamjua. Alinguruma mpaka mabati yakaitika. Biashara huria ilipofunguliwa nchini, mji ukajaa malori ya mahindi na mabanda ya video, hakumbakiza mtu: wauza pombe, wanunuzi wenye mizani ya uongo, hata sisi wanakwaya na sketi zetu za mitumba. Nyumbani, jamani, alikuwa mtu mwingine kabisa! Alipiga hodi kabla ya kuingia jikoni kwake mwenyewe. Alipomtaka Hilda uchumba, aliongea kwa upole mno hadi wifi yangu akamuuliza, "Sasa wewe unaniposa au unanipa pole?" Walifunga ndoa mwaka 1964, wakajaliwa Yohanes na Fausta.

Mwaka jana alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu. Juni hii akapata kiharusi, akalazwa hospitali ya mkoa. Hilda hakubanduka kitandani pake. Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1997, alfajiri.

Mzee wetu wa kanisa, Majaliwa, ameniambia, "Dada, ukifika hapo, funga karatasi." Sifungi. Fausta mwenyewe ameniruhusu.

Hapa kwetu, binti akipata mimba kabla ya ndoa, jina lake husomwa mbele ya kanisa. Hukaa benchi la nyuma, bila kushiriki meza ya Bwana, mpaka arudishwe kundini. Mwaka 1993 Fausta alipata mimba, na aliyempa, utingo wa lori la mahindi, akatokomea. Wengi tulidhani baba yake atalifunika jambo hilo. Wapi! Alilisoma jina la mwanawe kwa ngurumo ile ile. Fausta akaenda nyuma analia. Mimi nilitamani kumrushia kaka yangu kitabu cha nyimbo.

Baada ya ibada nikamfuata nyumbani nimgombeze. Nikamkuta jikoni, amekunja mikono ya shati, anamkorogea Fausta uji na kumuuliza taratibu kama aongeze ndimu.

"Kaka, mtoto umemwaibisha mbele za watu!"

"Mabinti wa watu nimewasoma, Eufrasia. Wangu ningemficha wapi?"

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Mimi, ambaye mnanijua kwa mdomo, nikachukua kisu nikamkatia ndimu.

Ilipofika Jumapili ya meza ya Bwana, aligawa mkate na divai kwa wote, kisha akafunika vyombo bila yeye kula. Majaliwa akamnong'oneza, "Mchungaji, umejisahau."

"Sijajisahau. Mwanangu bado yuko nyuma."

Akaendelea hivyo hivyo, anatulisha sisi, yeye hali, wala hakulitaja jambo hilo mimbarani hata mara moja. Nimezaliwa naye tumbo moja, lakini siku Majaliwa aliponisimulia niliogopa, kama mtu aliyeingia kanisani na viatu vyenye matope. Mtoto alizaliwa, na mwaka uliofuata wazee wakamrudisha Fausta kundini. Siku hiyo baba yake alimpa mkate yeye kwanza. Kisha akamega kipande chake, akala. Alipotaka kusema neno la baraka, sauti ile yote ilikataa kutoka, na Fausta ndiye aliyemshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, Hilda; watoto, Yohanes na Fausta; mjukuu, Pamela; nami mdogo wake. Kalale salama, kaka. Mungu akupokee kwa upole ule uliotupa sisi wa nyumbani.