Mwalimu Kuruthumu na Kongosho la Mgebuka

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Ujiji, Gungu na Simbo, na nyinyi wa Ilagala mnaotusikiliza huku mkigeuza dagaa juani, karibuni. Leo mtanisamehe, sina mzaha mwingi. Tunamkumbuka Mwalimu Kuruthumu Chande, aliyetutoka wiki iliyopita nyumbani kwake, Ujiji. Mwalimu Kuruthumu. Sauti yake mnaijua. Ndiye aliyekuwa akitufundisha hapa redioni, kila Jumamosi, mwili na majina yake.

Kabla ya redio alikuwa mwalimu wa sayansi, shule ya msingi, hapa hapa Ujiji, tangu usichana wake mpaka anastaafu. Darasani alikuwa na watoto wa Kimanyema, watoto wa Kiha, na watoto ambao wazazi wao walitoka Burundi. Wote hao, mtu akiumwa popote kati ya kifua na mapaja, atakwambia tumbo. Muha atakwambia inda, tumbo lile lile. Mwalimu hakutaka kulisikia. "Tumbo ni nyumba," alikuwa akisema. "Mimi nataka kujua ndani ya nyumba anaumwa nani."

Kwa hiyo siku ya somo alipitia mwaloni, kwa wavuvi, na ndoo yake, akaja na migebuka. Gazeti juu ya meza, samaki juu ya gazeti, kisu mkononi. Hili ini. Hizi figo, zimelala mgongoni. Haya matamvua, humu ndimo anamovutia hewa. Hii nyongo, na ole wako uipasue! Somo likiisha, samaki wanakaangwa nyuma ya darasa. Winfrida, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ni mkunga kule Gungu, aliniambia huku anacheka na machozi yanamtoka: "Wenzetu walisoma mmeng'enyo wa chakula ubaoni. Sisi somo tulilila."

Hata seli aliwaonyesha, kwa ganda la kitunguu na hadubini moja ya kugombania. Kiini kile pale. Ukuta wa seli ule pale. Lakini kulikuwa na kiungo kimoja alichoshindwa kuwaonyesha. Kongosho. Kongosho la mgebuka halikai pamoja kama ini. Limetawanyika, chembechembe ndani ya mafuta ya utumbo, kwa macho hulioni. Kila mwaka aliwaambia watoto maneno yale yale: "Lipo. Linafanya kazi yake kimya. Msilisahau kwa sababu hamlioni."

Mwaka jana Mwalimu akaanza kuumwa. Akakonda, macho yakawa manjano. Wakampeleka hospitali ya rufaa. Majibu aliyapokea binti yake, Ikram, pamoja na mjomba wake, Mzee Mwinshehe, mdogo wake Mwalimu. Ilikuwa saratani ya kongosho, na ilikwisha kwenda mbali.

Sasa wasikilizaji, tusidanganyane, hili tunalijua wote. Kwetu ugonjwa mzito mgonjwa haambiwi. Tunasema atakata tamaa. Mzee Mwinshehe akamwambia Ikram: "Mama yako asilisikie hilo jina. Mwambie ni tumbo, limechafuka." Alisema kwa mapenzi. Nyumba nzima ikashika neno moja. Tumbo.

Na Mwalimu akawa anauliza. Asubuhi anauliza, jioni anauliza. "Ikram, ninaumwa nini?" "Tumbo, mama." Siku moja akamtazama binti yake, akasema taratibu: "Mwanangu, mimi ndiye wa kuambiwa tumbo?"



Basi, alasiri moja, Ikram anatengeneza migebuka uani. Mama yake kakaa kwenye mkeka, kajifunga kanga mbili kwa baridi. Akasema, "Nitajie kama zamani." Ikram akaanza. Ini. Nyongo. Figo. Utumbo. Akaishia hapo.

"Umebakisha," mama akasema.

"Nililobakisha halionekani, mama."

"Najua halionekani. Litaje."

Ikram akaweka kisu chini. "Kongosho."

Mwalimu akauliza, "Saratani?" Ikram akaitikia kwa kichwa, akaangua kilio, mikono yake imejaa magamba. Mama akamvuta vilevile, na magamba yake, akamkumbatia. Akamwambia, "Ahsante, mwanangu. Sasa najua nimwombe Mungu nini."

Mzee Mwinshehe aliposikia, alifoka. Dada yake akamwita karibu. "Mdogo wangu, umenibebea mzigo wangu muda wote huu. Sasa nipe mwenyewe." Yule mzee akakaa mkekani, akalia kama mtoto.

Baada ya hapo Mwalimu alikuja hapa studio. Alishikwa mkono huku na huku. Akakaa kwenye kiti hicho mbele yangu, akasema, "Leo tunasoma kongosho." Akaeleza lilipo na kazi yake. Mwishoni akasema, kwa sauti ile ile ya darasani, "Langu linaumwa." Mimi nilishindwa kuendelea, wasikilizaji. Akanigongea meza, kama ananiamsha darasani.

Jumatano tulimzika. Msibani jirani mmoja akamuuliza Mzee Mwinshehe marehemu alisumbuliwa na nini, akajijibu mwenyewe, "Tumbo, eti?" Mzee akasimama. Akasema mbele ya watu wote: "Siyo tumbo. Dada yangu amekufa kwa saratani ya kongosho." Na mkono wake akauweka mahali penyewe, juu ya kitovu. Hakukosea.

Kwako Ikram, kwako Mzee Mwinshehe, na ukoo wote wa Chande, sisi wa redio tunalia pamoja nanyi. Mungu ampokee Mwalimu kwa upole, kama yeye alivyotupokea.

Nawe unayenisikiliza, pengine nyumbani kwako yupo mtu mnayemwambia ni tumbo. Anauliza, nanyi mnaangalia pembeni. Nenda ukakae naye, uone anataka kujua nini. Ila kwanza, weka mkono wako juu kidogo ya kitovu. Ndani huko, nyuma ya mfuko wa chakula. Hulioni. Lipo, linafanya kazi yake kimya. Mwalimu Kuruthumu alituomba tusilisahau.