Birknesh na Kishindo cha Kinu

"Mwanangu anasikia, Etete. Kinu kikigonga tu, huyo anashtuka."

Hivyo ndivyo Zewdi alivyomjibu jirani yake mtu mzima, tuliyemwita kwa heshima Etete Birknesh, hapa hapa mjini Dessie, karibu miaka mitatu iliyopita, sote tumekaa tukisubiri kahawa. Na kweli, kila buni ilipotwangwa, kichanga cha miezi mitatu kilichokuwa kimelazwa mkekani kilishtuka. Tukacheka.

Etete hakucheka. "Ni sakafu inayomtikisa. Mpakate, halafu watwange tena."

Zewdi akakataa. Akamwambia mbele ya wageni kwamba, kwa kuwa Etete mwenyewe amezaa kiziwi, anataka mtaa mzima uzae viziwi. Etete akajifunga shuka yake, akaondoka kahawa haijamiminwa.

Wasikilizaji wapendwa, Etete Birknesh ametutoka Jumanne. Hakuwa daktari wala mkunga. Aliuza pilipili ya kusaga. Lakini akizaliwa mtoto mtaani, alifika na bakuli la uji mzito wa uzazi, siagi inaelea, na neno lake lile lile: mpelekeni hospitali apimwe masikio, mwezi haujaisha. Mwezi haujaisha, alirudia. Wengine tulikula uji, neno tukaliacha.

Sababu alikuwa nayo. Bintiye Mulu ni kiziwi, na Etete alilijua hilo mtoto ana miaka minne. Dada yake Etete, Aselefech, ameniambia: "Alimchapa sana, akidhani ni ukaidi, anaitwa haitiki. Mpaka juzi, akiwa mgonjwa kitandani, alikuwa anaibusu mikono ya Mulu."

Mtoto wa Zewdi sasa ana miaka mitatu. Hajatamka hata "mama". Mwezi uliopita ndipo alipopimwa. Hasikii, na hakuwahi kusikia. Zewdi alikuwa bado anatafuta ujasiri wa kwenda kuomba radhi. Akachelewa na hilo pia.

Mulu, Aselefech, poleni sana. Nasi wenye vichanga tujiulize tunangoja nini. Mtoto akishtuka, mshukuru Mungu, na bado mpeleke akapimwe.

Jana nilikuwa matangani. Zewdi alisimama langoni, mtoto mgongoni, haingii wala haondoki. Mulu akamwona. Akamega injera, akachovya mchuzi, akatoka nayo mpaka langoni. Akamlisha mtoto kwanza. Kisha akamkunjia Zewdi kiganja, mara mbili, akaonyesha kwenye sinia ndani: njoo ule.